Gharama ya baridi: jinsi mwili unavyochoma chakula ili ubaki na joto

Leo tunalijibu swali la msikilizaji wetu mmoja anayeishi Schaerbeek, mojawapo ya manispaa 19 zinazounda jiji la Brussels nchini Ubelgiji. Yeye ni mzaliwa wa Bujumbura, na anatueleza kwamba tangu majira ya baridi yaanze hashibi: anakunywa chai na mkate alfajiri, na kabla ya saa nne njaa imekwisha kumrudia. Anauliza, je, ni kweli kwamba baridi hula chakula cha mtu? Na kama ni kweli, je, mwili wa mtu aliyelelewa kando ya Ziwa Tanganyika unaweza kuizoea?

Kwa swali la kwanza jibu ni ndiyo, lakini kwa masharti. Masharti hayo ndiyo yatakayotuchukua muda mrefu zaidi leo, kwa sababu yanagusa maisha ya watu wengi wetu walioko Ulaya, hasa wale wasio na paa la uhakika.

Sehemu za ndani za mwili wa binadamu, yaani ubongo, moyo, ini na figo, hufanya kazi vizuri katika joto la nyuzi 37 hivi za Selsiasi. Zikishuka chini ya nyuzi 35, mtu ameingia katika hatari. Sasa, wastani wa joto la mwezi Januari mjini Brussels ni kati ya nyuzi tatu na nne tu. Joto lina tabia moja isiyobadilika: huhama kutoka palipo na joto jingi kwenda palipo na joto kidogo. Chungu kilichoepuliwa motoni hupoa mpaka kikalingana na hewa inayokizunguka. Mwili nao ungepoa vivyo hivyo, kama usingekuwa na moto wake wa ndani.

Kwamba moto huo ni moto kweli, na si maneno ya mafumbo, lilithibitishwa mjini Paris katika majira ya baridi ya mwaka 1782 kuingia 1783. Mkemia Antoine Lavoisier na mwenzake Pierre-Simon Laplace walimweka simbilisi, yule mnyama mdogo anayefugwa jikoni katika nyumba nyingi za Njombe na za Kivu, ndani ya chombo kilichozungushiwa barafu. Walipima maji yaliyotokana na barafu iliyoyeyushwa na joto la mnyama, kisha wakapima hewa ya ukaa aliyoitoa kwa kupumua. Wakalinganisha na joto linalotolewa na mkaa unapoungua na kutoa kiasi hicho hicho cha hewa ya ukaa. Hesabu hizo zilikaribiana, na wakahitimisha kwamba kupumua ni aina ya kuungua polepole. Kuni za moto huo ni chakula: wanga, mafuta na protini. Hewa tuivutayo huchochea, na hewa ya ukaa tuitoayo ni kama moshi wake.

Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 60, akiwa ameketi kimya, huchoma kiasi cha kilokalori 60 kwa saa. Hilo ni joto la balbu moja ya kizamani ya wati 70 hivi. Ndiyo maana ukumbi wenye watu mia mbili waliokaa tu wakisikiliza hotuba huwa na fukuto baada ya muda mfupi: ni kama mtu amewasha balbu mia mbili. Joto hilo huja bure, kwa maana ya kwamba ni mabaki ya kazi ambazo mwili ungezifanya hata hivyo, kama kusukuma damu na kuulisha ubongo. Swali ni nini hutokea pale ambapo joto hilo la bure halitoshi.

Jambo la kwanza ambalo mwili hufanya si kuongeza moto, bali ni kubana matumizi. Ngozi ina mishipa ya fahamu inayopokea habari za baridi na kuzipeleka kwenye sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo iitwayo haipothalamasi. Hiyo ndiyo hupima joto la mwili na kutoa amri. Amri ya kwanza ni kwamba mishipa midogo ya damu iliyo chini ya ngozi ijifinye. Damu ya moto hurudishwa ndani kwenye viungo vya lazima, na vidole, masikio na ncha ya pua huachwa vipoe. Msikilizaji aliyewahi kusubiri tramu katika barabara ya Chaussée de Haecht asubuhi ya Januari anaujua uamuzi huo: vidole hufa ganzi huku kifua kikiwa bado na joto.

Uamuzi huo una matokeo ambayo wageni wengi huyashangaa, mojawapo likiwa ni kwenda haja ndogo mara kwa mara. Damu iliyorundikana katikati ya mwili huzifanya figo zidhani kwamba maji yamezidi, nazo huyatoa. Hali hiyo si ugonjwa wa kibofu. Vinyweleo navyo husimama. Kwa paka au kwa ndege jambo hilo lina faida kubwa, maana manyoya yaliyosimama hunasa hewa na kuwa kama blanketi. Kwa binadamu, ambaye manyoya yake yamebaki kuwa malaika tu, ni ukumbusho usiosaidia chochote.

Hapa kuna jambo moja linalowahusu wasikilizaji wetu wengi moja kwa moja. Tafiti zilizofanywa katika majeshi ya Marekani na Uingereza zimeonyesha kwamba askari wenye asili ya Kiafrika hupata madhara ya baridi kwenye mikono na miguu mara nyingi zaidi kuliko wenzao wazungu, hata wakiwa katika mazoezi yale yale. Sababu moja inayotajwa ni kwamba mishipa ya vidole vyao hujifinya kwa nguvu na huchelewa kufunguka tena. Hilo halina uhusiano wowote na ushupavu wa mtu. Maana yake ni kwamba glavu na soksi kavu zisihesabiwe kuwa ni mapambo.

Kubana matumizi kusipotosha, mwili huanza kuongeza kuni, na njia inayojulikana kwa kila mtu ni kutetemeka. Misuli hukazana na kulegea kwa haraka, mmoja ukivuta huku na mwingine ukivuta kule, bila kubeba mzigo wala kwenda popote. Kwa kuwa hakuna kazi inayofanyika, karibu nguvu yote inayotumika hugeuka kuwa joto. Kutetemeka kwa nguvu kwaweza kuongeza joto la mwili hadi kiasi cha mara tano ya lile la mtu aliyepumzika, ingawa hakuna awezaye kuendelea hivyo kwa muda mrefu.

Tufanye hesabu ndogo. Mtu wetu wa kilo 60 analala mahali penye baridi, akiwa na blanketi moja jepesi, na kutetemeka kwake kunaongeza maradufu matumizi ya mwili. Kila saa atatumia kilokalori 60 za ziada. Kwa usiku wa saa nane ni kilokalori 480, sawa na zile zilizomo katika gramu 130 hivi za unga wa mahindi. Hiyo ni sahani nzima ya ugali, na imeliwa na baridi kabla ya jogoo kuwika. Isitoshe, misuli inayotetemeka kwa nguvu hutegemea sana sukari iliyohifadhiwa ndani yake. Mtu aliyelala na njaa, ambaye sukari ya damu yake imeshuka sana, hutetemeka kwa udhaifu na hupoa mapema zaidi. Kwa sababu hiyo baridi na njaa hazihesabiki kama shida mbili zilizo mbalimbali. Mwili huzilipia kutoka mfuko mmoja.

Ipo pia njia nyingine ya kuongeza joto, isiyo na mtetemeko wowote, na historia yake inavutia. Mwaka 1551 mtaalamu wa Uswisi, Conrad Gessner, aliandika habari za tishu ya ajabu aliyoiona katika mwili wa mnyama wa milimani anayelala usingizi mrefu wakati wa baridi. Leo tishu hiyo huitwa mafuta ya kahawia. Mafuta meupe tunayoyajua, yale ya tumboni na kiunoni, ni ghala. Mafuta ya kahawia ni tanuri. Rangi yake hutokana na wingi wa mitokondria, yaani vile vijinu vidogo ndani ya chembe za mwili ambamo chakula hubadilishwa kuwa nguvu. Katika chembe nyingine, vijinu hivyo huihifadhi nguvu ili itumike kwa kazi. Katika mafuta ya kahawia kuna protini maalumu inayotoboa njia ya mkato, kiasi kwamba nguvu haihifadhiwi bali hutoka papo hapo kama joto.

Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba binadamu huzaliwa na mafuta hayo na kisha huyapoteza. Mtoto mchanga anayo mgongoni kati ya mabega, shingoni na kuzunguka figo, na anayahitaji, kwani bado hawezi kutetemeka ipasavyo. Kuhusu watu wazima, wengi waliamini kwamba hayana nafasi. Mwaka 2009 imani hiyo iliporomoka. Tafiti tatu zilichapishwa kwa pamoja katika jarida mashuhuri la tiba la Marekani, na mmojawapo ulifanywa Maastricht nchini Uholanzi, kiasi cha kilomita 100 tu kutoka Schaerbeek. Wouter van Marken Lichtenbelt na wenzake waliwaweka wanaume 24 katika chumba chenye nyuzi 16, kisha wakawapiga picha kwa mashine inayoonyesha mahali sukari inapochomwa. Kwa 23 kati yao, mafuta ya kahawia yaliwaka juu ya mifupa ya mtulinga na kando ya shingo. Waliokuwa wembamba yaliwaka zaidi kuliko wanene.

Sasa tunaweza kulijibu swali la pili la msikilizaji wetu, la kuzoea. Mwaka 2013 kundi hilo hilo la Maastricht lilichapisha jaribio jingine. Watu walikaa katika baridi ya nyuzi 15 hadi 16 kwa saa sita kila siku, kwa muda wa siku kumi. Mwishoni mafuta yao ya kahawia yalikuwa yameongeza kazi, walitetemeka kidogo kuliko mwanzo, na wao wenyewe walisema baridi haiwasumbui kama awali. Kwa hiyo mwili hujifunza, na haungoji miaka. Wala si sahihi kudhani kwamba kila mwana wa Afrika Mashariki ni mgeni wa baridi. Waliolelewa Mugamba huko Burundi, Makete nchini Tanzania au Kinangop nchini Kenya wanajua sweta ni nini, na wakulima wa viazi wa nyanda hizo wameiona sakitu ikiunguza majani shambani.

Lakini tusikimbilie kufurahi. Wale waliokaa katika chumba cha Maastricht walikuwa na mlango. Saa sita zilipokwisha walirudi nyumbani, wakala chakula cha moto na kulala katika kitanda kikavu. Kuzoea baridi ni kazi ya mwili ulioshiba na uliopumzika. Mtu anayeipata baridi usiku na mchana, huku akikosa usingizi na chakula, hafanyi mazoezi, anapungua.

Na mfano wake tunao hapo hapo Schaerbeek. Mwaka 2022 Burundi ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotoa waombaji wengi wa hifadhi nchini Ubelgiji. Wengi wao walipitia Serbia, ambayo hadi vuli ya mwaka huo iliwaruhusu Warundi kuingia bila viza. Nafasi katika makazi ya waombaji hifadhi zilikuwa zimejaa, serikali ikatanguliza familia na watoto, na wanaume waliokuja peke yao wakaambiwa wangoje. Mamia ya watu, na baadaye kiasi cha elfu moja, waliingia katika jengo kubwa la serikali lililokuwa tupu katika mtaa wa rue des Palais. Walikuwamo Waafghani wengi, na pamoja nao Warundi na watu wa mataifa mengine. Vyoo vilikuwa vichache, magodoro yalitandazwa sakafuni, na magonjwa ya ngozi kama upele yakaenea. Katikati ya Desemba ile joto la usiku mjini Brussels lilishuka chini ya sifuri. Polisi waliwaondoa watu katika jengo hilo tarehe 14 Februari 2023, na baadhi yao walionekana wakipiga mahema kandokando ya mfereji wa Brussels, mwezi ukiwa bado ni Februari. Julai mwaka huo huo Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliyoko Strasbourg, katika kesi ya kijana kutoka Guinea, iliamua kwamba Ubelgiji ilivunja haki yake kwa kutotekeleza amri ya mahakama yake yenyewe ya kumpatia makazi.

Tumeyataja hayo katika kipindi cha sayansi kwa sababu ni ya kisayansi. Ukimpa mtu aliyelala sakafuni mkate mmoja, sehemu kubwa ya mkate huo itakwenda kulipasha joto sakafu. Ukimpa kwanza godoro, kipande cha zulia au hata maboksi makavu ya kutandika, mkate huo huo utamfaa zaidi. Watoaji wa misaada wasiolijua jambo hili huhesabu mikate tu na kusahau kilicho chini ya mgongo wa mtu.

Tumrudie sasa muulizaji wetu, ambaye tunaelewa kwamba ana chumba chenye redieta na koti zuri. Kwake yeye masharti tuliyoyataja ni haya: baridi inayohesabiwa na mwili si ile ya kipimajoto cha nje, bali ni ile inayoifikia ngozi. Mtu aliyevaa vizuri na anayelala katika chumba chenye nyuzi 18 au 20 hulipa gharama ndogo mno. Njaa yake ya saa nne huenda inatokana zaidi na mwendo wa miguu hadi kituoni, uzito wa mavazi na viatu, na chai yenye sukari na mkate mweupe ambavyo huisha tumboni upesi. Uji mzito, maharage au mayai asubuhi vitamshikilia zaidi. Lakini kama njaa hiyo inaandamana na kiu kali, au kama anakonda huku akila, asiisingizie baridi. Amwone daktari apimwe sukari na tezi ya shingo.

Nyumba nyingi za Schaerbeek ni zile ndefu na nyembamba zilizojengwa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, zenye dari za juu na madirisha makubwa. Ni nzuri kwa macho, lakini joto hupanda darini na kuwaacha wenyeji chini. Aliye na uwezo mdogo wa kulipia gesi apashe chumba kimoja na kukitumia na wote, azibe nyufa za madirisha, na avae nguo nyembamba kadhaa badala ya moja nene, kwa kuwa hewa iliyonaswa kati ya nguo na nguo ndiyo inayokinga. Nguo iliyolowa ivuliwe mara moja. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya mara 25 hivi kuliko hewa, na mvua ya Brussels ya nyuzi tano yaweza kumdhuru mtu kuliko theluji kavu.

Ama kuhusu pombe, wanaodai kwamba inapasha joto wanadanganywa na ngozi yao. Pombe huifungua ile mishipa ambayo mwili ulikuwa umeifinya kwa busara, damu ya moto hukimbilia nje, mtu huona raha, na joto lake la ndani huvuja. Akilala barabarani katika hali hiyo huenda asiamke.

Na jiko la mkaa lisiingizwe ndani kamwe. Tunalisema kwa mkazo, kwa sababu huko nyumbani jiko huwekwa mlangoni au uani na upepo huchukua hewa yake. Katika chumba cha Ulaya kilichofungwa kila upande kwa ajili ya baridi, mkaa hutoa gesi isiyo na harufu wala rangi, nayo huishika damu na kuinyima oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na mara nyingi huwapata wote waliomo nyumbani kwa wakati mmoja. Watu watoke nje upesi, kisha wapige simu namba 112.

Namba hiyo hiyo itumike pia kwa mtu aliyezidiwa na baridi. Dalili ya kutisha si kutetemeka, bali ni kuacha kutetemeka huku bado akiwa baridini. Maneno yake huwa mazito, hujikwaa, na huonekana kama mlevi. Wengine hata huanza kuvua nguo wakidai wanaungua. Aingizwe mahali penye joto, avuliwe nguo zilizolowa, afunikwe kuanzia kifuani, na kama ana fahamu kamili apewe kinywaji cha moto chenye sukari. Asisuguliwe mikono wala miguu, na asiwekwe karibu na moto mkali.

Tumalizie na watoto wachanga, ambao hupoa upesi hata katika nchi zetu za joto. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hana mafuta ya kahawia ya kutosha, na ngozi yake ni kubwa ikilinganishwa na uzito wake. Mwaka 1978 daktari Edgar Rey, huko Bogotá nchini Colombia, kwa uhaba wa mashine za kuwatunzia watoto, alianza kuwaweka wachanga vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Njia hiyo leo inapendekezwa na Shirika la Afya Duniani na inatumika katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki. Baba naye aweza kuifanya. Mtoto huvalishwa kofia, soksi na nepi tu, akafungwa kifuani kwa kitenge, na juu yake likawekwa blanketi. Joto la mzazi humtosha, na maziwa anayonyonya hubaki kwa ajili ya kukua.